Nilivyoifuata Hati ya Baiskeli za Jeshi Mpaka Bustan

Mashoga zangu, tangu nishuke melini kila anayenikuta ananiuliza swali moja: "Zuwena, ulikwenda Maskati kufanya nini, na umerudi na nini?" Nikianza kujibu mlangoni, chungu kinaungua jikoni na nusu ya maneno nayasahau. Basi nimekaa kitako nikaandika. Mambo ya tikiti, pasi na mihuri siyatii humu, maana yalinichosha mara moja na sitaki yanichoshe tena. Anayetaka kujua asome mwanzo mpaka mwisho, asinirukie mistari halafu aje kuniuliza upya.

Kwa nini nilitoka Mombasa

Baba yangu, Fundi Salim, mnamjua. Wakati wa vita vya Hitla alikuwa fundi wa baiskeli kwenye stoo ya jeshi la Mwingereza. Baiskeli zile si kama hizi za wauza mkate. Zilikuwa nzito, zimepakwa rangi ya majani makavu, zina vishikio vya kutilia bunduki kwenye fremu, na chini ya tandiko pamegongwa namba na mshale mdogo, alama ya mali ya serikali. Kila baiskeli ilikuwa na karatasi zake: imeingia lini, imebadilishwa mnyororo lini, kapewa tarishi gani, imerudi ikiwa na upungufu gani. Baba akizitengeneza, makarani wakiziandika.

Vita vilipokwisha Baba akaamrishwa azikabidhi zote. Alizikabidhi kwa karani mmoja aliyekuwa rafiki yake, walikuwa wakila sahani moja pale kazini, na karani akatia sahihi yake kwenye hati. Kisha Mzungu akaja kukagua. Baiskeli hakuna, hati hakuna, na karani akasema yeye hakupokea kitu. Baba akafungwa. Alipotoka, karani alikuwa keshajirudia kwao Omani.

Kesi ilikuwa ya kijeshi, watu wa mtaani hawakuisikia. Walichokiona ni Baba kuingia ndani na Baba kutoka. Na yeye nje hakumtaja karani hata siku moja. Makarani walikuwa wengi, na jina la yule alinitajia mimi na Mjomba Seif, ndugu yake mama, basi. Wale wazee wa barza ya kahawa, ile iliyo chini ya dirisha letu, nao wakampachika jina: Mali ya Serikali. "Mali ya Serikali huyoo, anapita!" Mzee Bakari ndiye aliyelianzisha na ndiye aliyelitunza. Nimekua nalisikia, nimeolewa nalisikia, na kila mara damu inanichemka.

Mwaka jana kifua kilimbana Baba tukadhani ndio mwisho. Nikiwa namkanda mgongo akaniambia, "Zuwena, sitaki kuzikwa na jina hili."

Nikamuuliza, "Hati iko wapi?"

"Karani anajua."

Alipopata nafuu nikaanza kuitafuta. Ofisi ya kwanza wakanambia karatasi za jeshi zote zilipelekwa Ulaya. Ya pili wakanambia niandike barua Ulaya. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha shule ya wasichana, na nikajibiwa kwa adabu nyingi kwamba kitu kama hicho hawakukiona. Ndipo Mjomba Seif aliposikia kwa wasafiri kwamba karani yuko Bustan, kijiji cha pwani karibu na Maskati. Nikasema nakwenda. Mume wangu alicheka mpaka aliponiona nakunja nguo, kisha akasema kama ni hivyo basi Mjomba anipeleke.

Baharini, na Karachi

Meli kutoka Mombasa tulisafiri sitahani, kila mtu na mkeka wake na birika lake. Mjomba Seif, ambaye nchi kavu ni mtu wa maneno mengi na nasaba za watu mpaka babu wa saba, baharini alikuwa maiti. Alilala kajifunika shuka usoni, akiinua kichwa kuuliza kama tumefika. Mimi nilikula chapati na dengu za mama mmoja wa Kihindi aliyelala ubavuni mwangu. Hakujua Kiswahili, nami sikujua lugha yake, lakini tulimsengenya Mjomba kwa ishara mpaka tukashiba.

Karachi tulitakiwa tubadilishe meli, tuchukue ile ya Ghuba. Meli ya Ghuba haikuwako. Kila asubuhi Mjomba alikwenda kuulizia, na kila asubuhi akaambiwa kesho. Nikachoka kukaa kwenye chumba cha musafirkhana, nyumba yao ya wasafiri, nikihesabu mende. Nikamwambia anitoe twende sokoni, na sokoni ndiko nilikokaribia kututia matatani.

Mtaa mmoja ulikuwa wa mafundi wa baiskeli watupu. Nikaona moja imeegemezwa ukutani, imepakwa rangi nyekundu, lakini kwenye fremu ina vishikio vya bunduki! Sikungoja mtu. Niliinama nikapapasa chini ya tandiko, na chini ya rangi kidole changu kikaugusa mshale. Loo, nilipiga ukelele. Nikaigeuza baiskeli ya watu miguu juu ili nisome namba.

Mwenyewe akatoka mbio, mzee ana ndevu za hina na spana mkononi. Alikuwa akifoka. Mjomba Seif anajua Kihindi cha madukani, akajaribu kumweleza kwamba mimi natafuta habari za baiskeli za baba yangu. Mzee akaelewa kwamba mimi nasema hii ni baiskeli ya baba yangu. Watu wakajaa. Mmoja alikuwa keshamtaja polisi, maana polisi ni neno ambalo hata mimi nalielewa.

"Mwambie siitaki baiskeli yake!" nikamwambia Mjomba.

"Namwambia, haniamini. Uliigeuza kama mwenye mali!"

Yule mzee akaingia ndani akarudi na karatasi imekunjwa ndani ya mfuko wa turubai, akanitolea machoni kunionyesha kwamba yeye si mwizi. Alikuwa kainunua kwenye mnada wa jeshi. Mimi badala ya kuona haya nikaishika ile karatasi kwa mikono miwili, nikaisoma pale pale njiani. Ilikuwa na safu: namba ya fremu, aina, hali yake, upungufu. Chini kabisa sahihi mbili, ya anayekabidhi na ya anayepokea. Machozi yakanitoka. Nilikuwa nimetoka Mombasa kufuata kitu ambacho sijapata kukiona, na sasa nimejua sura yake.

Mzee alipoona nalia, hasira zikamwisha. Mjomba akamwelezea tena, taratibu, na safari hii akaelewa. Alituletea chai nzito ya maziwa na biskuti, akakaa nasi mpaka adhana ya laasiri. Alisema yeye baiskeli hizo amezifanyia kazi ujana wake wote na mnyororo wake haukatiki. Baba ndivyo anavyosema siku zote, neno kwa neno.

Maskati

Meli ya Ghuba ilipotufikisha Maskati ilitia nanga nje, tukashushwa kwa mashua. Mji umebanwa na majabali meusi, na joto linatoka juu kwa jua na pembeni kwa mawe. Maji huletwa na punda, milango ya mji hufungwa giza likishaingia, na ukutwapo nje baada ya hapo ulale huko huko. Mjomba Seif alipokanyaga ardhi alifufuka. Akaanza kuulizana nasaba na wachukuzi.

Tulifikia kwa binamu yake, Bwana Humud, na mkewe Bi Zeyana, aliyekuja kutoka Unguja baada ya mapinduzi na kila siku anaililia mvua ya kwao. Nyumba safi, ukarimu hausemeki. Tende, halua, kahawa chungu isiyo sukari. Mimi sikujua kwamba kikombe usipokitikisa wanakuongeza, na kila nikirudisha kikombe kinarudi kimejaa. Nilikunywa mpaka mikono ikaanza kutetemeka, ndipo Bi Zeyana akanishika kiganja akakitikisa mwenyewe. "Hivi, mwanangu, usijitoe roho."

Kwenye sebule ya wanaume mambo yalikuwa hivi, nami nikisikiliza nyuma ya pazia. Bwana Humud anauliza, "Khabari za huko?" Mjomba anajibu, "Hapana khabari ila kheri." Kisha Mjomba anauliza, "Khabari za hapa?" Bwana Humud anajibu, "Hapana khabari ila kheri." Wanakunywa kahawa.

"Na yule bwana wa Bustan," anasema Mjomba, "khabari zake?"

"Njema, alhamdulillahi. Vuta tende, Sheikh Seif."

Siku ya kwanza nikasema sawa, tumechoka. Ya pili ikaja na yale yale, ya tatu vile vile, hata maneno hayakubadilika mahala. Nikambana Mjomba. "Tunakwenda lini Bustan?"

"Mwenyeji hajatutoa."

"Umemwambia tuna haja na karani?"

"Zuwena, mtu haingii nyumba ya watu akamwaga haja zake kama mchele. Ataniuliza, nami nitamwambia."

Nilikwenda jikoni nikiwa nimevimba. Bi Zeyana alikuwa akikatakata papa mkavu wa kutia kwenye wali. Nikachukua kisu cha pili na, samahani, nikammwagia haja zangu kama mchele. Nikamwambia nimekuja kumwona karani wa Bustan kwa neno kubwa la baba yangu, na kwamba naona napoteza siku.

Bi Zeyana akaacha kukata. "Mwanangu, hamkuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Yule bwana kafa. Tumemzika kabla ya mfungo. Mkewe yuko edani."

Nikamwambia, "Lakini Bwana Humud anasema khabari zake njema!"

"Nyie ndio mmetoka baharini juzi! Mgeni hapewi msiba akiwa hajatulia. Humud anangoja mtulie, na mjomba wako anangoja aulizwe. Waache hivyo hivyo wanaume wale, watakunywa kahawa mpaka mkewe amalize eda."

Nilikaa chini pale pale juu ya maganda ya vitunguu nikalia. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwambia yule mtu, nimeyapanga tangu Mombasa, sitahani nimeyarudia kila usiku, na sasa mwenye kuambiwa hayupo.

Mjomba aliposikia aliinama kichwa akasoma dua. Kisha akasema, "Basi, mwanangu. Mwenye neno lake kaondoka nalo. Tutafute meli ya kurudi."

"Karatasi haikuzikwa naye," nikasema.

"Utamuuliza nani?"

"Mkewe."

"Mke yuko edani, Zuwena! Haonani na wanaume!"

"Na mimi ni mwanamume?"

Bi Zeyana alicheka mpaka akajifuta macho. Mjomba akakosa la kusema, jambo ambalo nchi kavu halijapata kumtokea. Tukakubaliana twende asubuhi.

Bustan

Kwenda Bustan kwa miguu ni kupanda majabali, kwa hiyo tulichukua kihori cha kupiga makasia, na mwenye kihori alituonya turudi mapema kabla milango haijafungwa. Mjomba alijifunika uso tangu tunaanza. Tulipofika alikalishwa kivulini na mzee mmoja anayekausha dagaa, wakaanza kuulizana khabari. Mimi nikapelekwa ndani peke yangu.

Mjane nitamwita Bi Shekha. Si jina lake, na mkienda Bustan kumuulizia mtapoteza nauli yenu. Alikaa juu ya mkeka, nguo nyeupe tupu, macho hayana wanja, nyumba haina harufu ya udi. Mwanamke mdogo wa umbo, mgongo kaunyoosha. Nilimpa mkono wa rambirambi nikiwa bado sijui nianzie wapi. Akaushika asiuachie.

"Wewe mtoto wa Fundi Salim," akasema. "Nnaiona pua yake. Alikuwa akija kwangu Kilindini, akipenda ukoko wa wali. Yu hai?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi. Alhamdulillahi." Akaanza kulia kimya kimya. "Nnakungojea. Sikujua kama utakuwa wewe, lakini nlikuwa nnangojea mtu."

Mimi nilikwenda pale na ugomvi wangu wote tayari, mashoga zangu, na mtu akinililia kabla sijafungua mdomo sijui kugombana. Akanieleza yote. Mumewe alipokea baiskeli na akatia sahihi, kweli. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyezitaka, na mama yake karani alikuwa mgonjwa huku Omani, naye hana njia ya kurudi. Akamwachia ziende, naye akapata nauli. Mzungu alipokuja ghafla akaingiwa na hofu, akaificha hati, akakana. Alidhani Baba atakaripiwa tu. Alipofungwa, akashindwa kurudi nyuma.

"Hakupata raha hata siku moja," akasema Bi Shekha. "Kabla hajakata roho alinishika hivi nnavyokushika. Akasema, mtafute Fundi Salim, umwambie anisamehe, nami huko ninakokwenda nipite. Nimtafute vipi? Kuandika sijui. Nimwambie nani aniandikie, jirani? Kijiji kizima kijue? Wanangu wako Kuwait, nao hawajui neno."

Nikamuuliza kuhusu hati. Akaonyesha sanduku la njumu za shaba lililokuwa pembeni.

"Karatasi zake zote za baiskeli zimo. Alikuja nazo, hakuzichoma wala hakuzitoa. Lakini, mwanangu, mimi si mjuzi wa kusoma. Niliona karatasi nzito, nzuri. Nlizikatia nguo."

Nilifungua sanduku. Mimi kazi yangu kushona, mnajua, na kila mshonaji ana karatasi zake za kukatia. Za Bi Shekha zilikuwa mikono ya watoto, shingo, na miguu ya suruali, zimefungwa kwa uzi mafungu mafungu, na zote zimeandikwa Kiingereza kwa wino wa buluu. Shingo moja ilisema kengele haipo. Mguu wa suruali ulisema mnyororo mpya, breki ya nyuma imelegea, kapewa tarishi wa bandarini. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Hati za Mwingereza zote, zile ambazo Ulaya waliniambia hawazioni, zilikuwa zimevisha watoto wa Bustan.

Tukazitandaza mkekani. Ofisi yoyote ingeona takataka, lakini mimi naona vipande vya nguo, na vipande vya nguo najua kuviunga. Nilitazama makali ya mkasi yaliyolingana, na safu zile nilizozisoma Karachi: namba, aina, hali, upungufu. Bi Shekha akanipa pini moja moja. Kipande kikubwa cha hati ya makabidhiano kilikuwa mkono wa kanzu. Sehemu ya chini ilikosekana. Nilipekua mafungu yote, kisha nikaiona: kikwapa. Kile kipande kidogo cha kukatia kikwapa cha kanzu. Nilikitia mahala pake, mistari ikakutana.

Anayekabidhi: sahihi ya Baba, ile ya mviringo. Anayepokea: karani, kwa jina lake na la babake na la babu yake, limeandikwa vizuri mno.

Kigelegele kilinifika kooni. Nyumba ya msiba, nikakizuia kwa mkono.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza Bi Shekha.

"Ndiyo yenyewe."

"Utaionyesha wapi?"

"Kila mahala! Barzani, msikitini, kwa kila aliyemcheka baba yangu."

Alikuwa akiitazama ile sehemu ya chini, ambayo hawezi kuisoma. "Jina lipo hapo, sivyo? Ndilo jina la wanangu."

"Lipo."

"Na jamaa zetu wamejaa Mombasa."

Nilingoja anisihi, na nilikuwa na jibu. Hakunisihi. Alikwenda kuleta kitambaa safi, akaikunja hati pamoja na pini zake kwa uangalifu, akanipa.

"Haya. Ni haki yenu, mwanangu. Ila Salim akikataa kumsamehe, usiniletee khabari. Niache nisijue."

Kwenye kihori nililia mpaka Mjomba akaacha kutapika kuniuliza nina nini. Nilikuwa nimepata nilichokifuata na sikuwa na furaha, nami sikupenda kabisa kuwa hivyo.

Kurudi

Safari ya kurudi Mjomba aliumwa kidogo kwa sababu alikuwa na kazi ya kubishana. "Tumsitiri maiti, Zuwena," alisema kutoka Maskati mpaka Karachi.

"Na aliye hai nani amsitiri? Nani alimsitiri alipokuwa akiitwa Mali ya Serikali mbele ya watoto wake?"

"Yule mama je?"

"Yule mama nimemwonea huruma. Huruma haimfuti Baba jina."

Karachi mpaka Mombasa aliacha kunisemesha, akarudi chini ya shuka lake. Mimi nililala na kile kitambaa kifuani. Sikuyumba. Nilikuwa nimeamua kwamba siku ya kwanza nikifika, kabla hata ya kuoga, nitaibandika hati ile ukutani juu ya kichwa cha Mzee Bakari.

Nyumbani

Baba nilimkuta ukumbini, kakonda. Nilipiga magoti nikamfungulia kitambaa. Akavaa miwani. Mashoga zangu, hakutazama sahihi. Alianza juu kabisa, akashuka na kidole, baiskeli moja moja.

"Hii kengele yake ilikuwa bubu. Hii tarishi aliigonga ukuta wa posta, gurudumu likawa yai. Hii... hii ilikuwa nzuri sana hii." Alikuwa akitabasamu. Alipofika chini akasimamisha kidole kwenye jina la karani.

"Mwenyewe kasemaje?"

"Baba, amekufa."

Akavua miwani. Nikamweleza yote, mama mgonjwa, Mzungu, sanduku, maneno ya mwisho. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alinitaja?"

"Kwa jina lako, Baba. Alisema anaomba umsamehe."

Baba yangu hakulia tulipomzika mama. Siku ile alilia kwa sauti, na mimi nikamwacha. Kisha akafuta uso akasema, "Nimemsamehe. Nimemsamehe dunia na akhera. Nipe mkasi."

Nikadhani anataka kukata nyuzi. Alikikata kile kikwapa, chini ya sahihi yake mwenyewe, taratibu, na kipande chenye jina la karani akakitia kwenye seredani ya makaa. Kiliungua kabla sijainuka.

"Baba! Unafanya nini! Bila sahihi ile hiyo ni karatasi ya kushonea tu! Nimevuka bahari kwa ajili yake!"

"Najua, mwanangu, na Mungu akulipe." Alinishika mkono. "Miaka yote hii nikilala najiuliza, nilimkosea nini yule mtu. Nilidhani alikwenda zake akanisahau. Kumbe hakunisahau hata siku moja."

Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nampenda, vyote pamoja.

Jioni, baada ya alasiri, alivaa kanzu yake akashuka barzani, hati imekunjwa mkononi. Mimi nikasimama dirishani juu yao. Aliitandaza juu ya benchi akawasomea baiskeli zote kwa sauti, namba na hali zake, na mwisho akasema, "Nilizikabidhi. Sahihi yangu hii hapa."

Mzee Bakari akainama akaitazama. "Na ya aliyepokea?"

"Nimeikata."

"Umeikata mwenyewe?"

"Amekufa. Nami nimemsamehe."

"Bila jina haitoshi hii. Serikali haikubali."

"Sikuiletea serikali."

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Mzee Bakari aliitazama ile hati, pini zake na makali yake mapya, akamtazama na Baba. Kisha akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi aliyoiacha. "Kaa, Fundi," akasema.

Baba akakaa. Akamiminiwa kahawa. Mmoja wao hakuweza kuvumilia, akamwinamia: "Lakini tuambie basi, Fundi, alikuwa nani?" Baba akapuliza kahawa yake akanywa. Wakainua macho dirishani kwangu, wote, maana wanajua ulimi wangu. Jina lilikuwa limenijaa mdomoni, lake na la babake na la babu yake. Nikalimeza.